Kabla ya saruji, mtafuteni mwenye beleshi: barua ya wazi kwa wakurugenzi wa halmashauri

Waheshimiwa wakurugenzi wa halmashauri na mabaraza ya miji, Bara na Visiwani, waheshimiwa madiwani, mabwana afya na mabibi afya wa kata zetu,



Kila mwaka mvua zikikaribia tunakumbushwa kwamba kila kaya lazima iwe na choo bora. Sina ugomvi na agizo hilo. Ugomvi wangu ni na mchoro unaokuja nalo: shimo refu, sakafu ya zege, bomba la hewa, ukuta, paa na mlango. Mchoro huo unamfaa sana mtu wa Njombe, mwenye udongo mwekundu unaokubali jembe. Kwa mtu wa uwandani, anayeishi juu ya jiwe la matumbawe huko Makunduchi au Micheweni, mchoro uleule ni hukumu ya kazi ngumu. Mimi ni fundi mwashi na naijua kazi hiyo: vijana wawili, mtaimbo, sururu, na jiwe linalotoa cheche. Wakifika kina cha kiunoni, mwenye nyumba huwa ameishiwa hela, na shimo linafunikwa hivyohivyo. Bwana afya akipita anaona choo, anaweka tiki, anaendelea nyumba ya pili.

Tiki ile haioni chini ya sakafu. Jiwe la matumbawe lina nyufa na mapango, halichuji kitu. Maji matamu ya visiwani yanaelea juu ya maji ya chumvi, hayako mbali na miguu yetu, na visima tunavyochota vimechimbwa kwenye jiwe hilohilo. Kinachodondoka chooni hakisubiri kuoza, kinafuata ufa. Kipindupindu kikipiga hodi, njia ya kwenda kisimani kinaikuta tayari imefunguliwa, na tumeifungua sisi wenyewe kwa mtaimbo, kwa amri ya serikali.

Kuchimba kwetu kuna historia ya kujivunia, nisieleweke vibaya. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wapatao milioni mbili kwenye vikundi vya kusikiliza redio, na vikundi vilipomaliza kusikiliza vilishika majembe. Mwishoni mwa 2017 ikaja kampeni ya Usichukulie Poa, Nyumba ni Choo, ambayo hata watoto waliikariri. Kati ya kampeni ya kwanza na sensa ya 2022, iliyotuhesabu tukiwa zaidi ya milioni 61, tumeongezeka takriban mara nne, viwanja vimekatwakatwa, na pale lilipokuwa shimo la kwanza sasa kuna chumba cha mpangaji. Shimo la pili na la tatu litachimbwa wapi?

Mfano mkali kuliko yote wanao wasemaji wenzetu wa Kiswahili wa Goma, Kongo. Mji ule umekaa juu ya lava ya volkano ya Nyiragongo. Julai 1994 mamia ya maelfu ya watu walivuka mpaka kutoka Rwanda kwa siku chache, wakatua mahali ambapo jembe haliingii. Vyoo havikuchimbika, na hata makaburi yalikuwa ya taabu. Katika mwezi wa kwanza walikufa watu karibu 50,000, wengi wao kwa kipindupindu na kuhara damu. Maji ya ziwa la jirani yaliyonywewa bila kutibiwa yalifanya kazi kubwa katika msiba ule, kwa hiyo sisemi choo peke yake kingewaokoa. Ila ardhi ikikataa shimo, na ofisi haijui choo kingine chochote ila cha shimo, watu watajisaidia juu ya ardhi, na mvua ya kwanza itamaliza kazi.

Choo kingine kipo. Naomba choo cha mboji kiingie kwenye orodha ya vyoo mnavyovikubali, kwa sehemu zinazokihitaji. Na naomba kwa sharti ambalo huenda msilipende: msijenge hata kimoja cha umma kabla hamjaandika, kwa cheo na kwa mshahara, ni nani atakayekihudumia. Vyoo vya aina hii vimekufa katika nchi maskini na katika nchi tajiri, na mara nyingi vilichokosa ni mtu.

Kwa asiyekijua, choo hiki hakina shimo. Kina chumba, au vyumba viwili vilivyopakana, vilivyojengwa juu ya ardhi kwa sakafu isiyovuja, na unapanda ngazi mbili tatu kuingia. Anayemaliza haja hamwagi maji, anamwaga kopo la majivu, maranda au pumba za mpunga. Mkojo unachepushwa kwa mfereji wake hadi kwenye dumu. Sababu ya kuutenga ni hesabu rahisi. Mtu mzima hutoa takriban lita 500 za mkojo kwa mwaka, na kinyesi cha kilo 50 hivi. Sehemu kubwa ya naitrojeni, ile ambayo mkulima anaifuata dukani kwenye mfuko wa urea, imo kwenye mkojo. Karibu vimelea vyote vinavyotuua vimo kwenye kinyesi. Vikichanganyika unapata harufu, nzi na uji usiofaa popote. Vikitengana, dumu linakwenda kwenye mahindi baada ya kuzimuliwa kwa maji, na chumbani kinabaki kitu kikavu ambacho kinahitaji kuachwa tu.

Kuachwa kwa muda gani, hapo ndipo vipeperushi vinapotudanganya. Vingi huandika kwamba mboji huua vijidudu kwa joto. Kwenye chumba cha kaya moja joto hilo halipatikani, kwa sababu lundo linakua kwa kopo moja moja na linapoa haraka kuliko linavyopata moto. Kinachoua humo ni ukavu, majivu na muda. Miongozo ya Shirika la Afya Duniani ya 2006 inasema kwa nchi za joto kama zetu chumba kilichojaa kifungwe zaidi ya mwaka mmoja kabla ya beleshi kuingia. Majivu au chokaa yakiwa mengi kiasi cha kufanya lundo liwe kali sana, miezi sita na zaidi. Sababu ya tahadhari yote hiyo ni mnyoo mkubwa wa tumbo: jike mmoja hutaga mayai hadi 200,000 kwa siku, na yai lake lina ganda linalovumilia udongoni kwa miaka. Anayefungua chumba baada ya miezi mitatu kwa sababu kinaonekana kimekauka anapeleka minyoo kwenye bustani ya mchicha.

Joto linapatikana kwenye lundo kubwa la nje, lenye urefu, upana na kimo cha mita moja au zaidi, lililochanganywa na majani makavu na mabichi, likanyunyiziwa maji na kugeuzwa. Lundo la namna hiyo linatakiwa lipite nyuzi 50 na kukaa hapo kwa wiki nzima angalau. Kama hamna kipimajoto, chomekeni nondo hadi katikati, iacheni robo saa, kisha ichomoeni. Anayeweza kuifumbata sehemu iliyokuwa ndani na kuendelea na mazungumzo, lundo lake bado. Likiwa limeiva moto, mkono unaachia wenyewe, na mvuke unatoka kwenye tundu la nondo hata asubuhi ya kiangazi. Kazi hiyo haifai kuachiwa kaya. Inataka uwanja wenye uzio, buti, glavu na mtu anayejua anachokifanya.

Sasa mahali. Nianze na mwambao, ambako swali la kwanza la mama yeyote ni moja: nitachambia wapi? Vyoo vikavu vingi vilivyoletwa kwetu vilichorwa na watu wanaotumia karatasi, wakasahau kopo. Maji ya kuchambia yakiingia chumbani, ndani ya wiki chache una supu. Dawa yake si kuwafundisha watu wa mwambao karatasi, ni kuwajengea mahali pa tatu. Mbele, tundu la mkojo. Katikati, tundu la haja kubwa lenye kingo iliyoinuka na mfuniko wenye mpini. Kando, hatua moja ya kuchuchumaa, karai ya zege yenye bomba lake linalopeleka maji nje kwenye kokoto na mgomba. Kerala, kusini mwa India, ambako watu huchamba kwa maji kama sisi, vyoo vya mpango huu vimejengwa tangu miaka ya 1990. Fundi akitaka kuharibu kila kitu, akosee mteremko wa sakafu tu: ukielekea kwenye tundu la katikati badala ya kwenye karai, hata majivu ya majiko ya mtaa mzima hayatakausha chumba hicho. Ndiyo maana nawaomba mabwana afya, mnapokagua, mmwage kopo la maji sakafuni mtazame yanakimbilia wapi. Ukaguzi wa dakika moja.

Swali la pili huulizwa kwa sauti ya chini: na najisi je? Hilo ni la masheikh, mimi ni fundi. Lakini si swali jipya, maana wakulima Waislamu wametumia samadi kwa karne nyingi, na mafakihi wa Kishafii, ambao ndio wanaofuatwa zaidi mwambao wetu, walilijadili. Zao lililostawi kwa samadi najisi halikuhesabiwa kuwa haramu, huoshwa likaliwa. Walichokizuia ni kuiuza hiyo najisi yenyewe. Tofauti hiyo inaingia moja kwa moja kwenye bajeti zenu. Mpango unaotegemea kuuza mboji kwa mfuko unaweza kukwama Unguja hata kama umefaulu Nairobi, na mpango unaolipia kazi ya kuhudumia choo una nafasi zaidi ya kukubalika. Waiteni masheikh kabla ya kuwaita wahandisi, na muwaite kuuliza, msiwaite kubariki jambo lililokwisha kuamuliwa.

Ushahidi wa nyumbani tunao, tena jirani tu na mji wa Unguja. Kisiwa cha Chumbe, ambacho matumbawe yake yalitangazwa hifadhi mwaka 1994, hakina maji matamu ya kuchota. Nyumba zake saba za wageni zinavuna mvua kwenye mapaa, maji ya kuogea yanachujwa kwenye vitanda vya mimea, na vyoo vyote ni vya mboji. Wageni wanalipa dola nyingi kulala pale, na choo hicho kinahesabiwa kuwa sehemu ya sifa ya mahali. Ng'ambo ya maji, kijiji kilicho juu ya jiwe la aina ileile kinaambiwa kichimbe. Wala choo cha mboji si cha maskini peke yao. Mswidi Rikard Lindström alikijenga mwaka 1939 kwenye nyumba yake ya ufukweni huko Tyresö, karibu na Stockholm, kwa sababu hakutaka majitaka yake yaishie kwenye ghuba iliyokuwa mbele ya dirisha. Tatizo lake lilikuwa letu: maji ya watu wote mita chache kutoka nyumbani.

Mabondeni mambo ni kinyume. Ardhi ni laini lakini maji yako juu, au yanakuja juu. Rufiji waliona Aprili 2024. Watu wa Kigoma na Bujumbura wanakumbuka jinsi Ziwa Tanganyika lilivyopanda kuanzia 2020 na kuingia kwenye mitaa yenye vyoo vya shimo. Kyela haihitaji kukumbushwa, kila masika inafunzwa upya. Shimo lililofunikwa na mafuriko ni chanzo cha ugonjwa kwa kata nzima. Chumba cha mboji kilichoinuliwa kinabaki kimefungwa, mradi kimeinuliwa vya kutosha, na kipimo cha kutosha hakimo kwenye kitabu chochote. Wanacho wazee. Waulizeni maji ya El Nino ya 1997 yalifika wapi kwenye ukuta wa shule au kwenye shina la mwembe, pigeni mstari hapo, kisha jengeni sakafu ya chumba juu ya mstari. Mlango wa kutolea mboji muuweke upande usiopigwa na mkondo na muuzibe kwa matofali na chokaa hafifu, ili nyundo ivunje siku ikifika lakini maji yasivunje.

Kwa shamba lenye nafasi na udongo sina maneno mengi. Huko hakuna haja hata ya chumba. Peter Morgan wa Zimbabwe aliwafundisha wakulima shimo fupi la mita moja, sakafu nyepesi inayohamishika, na majivu na udongo baada ya kila haja. Likijaa, sakafu na kibanda vinahamia hatua chache, juu yake udongo, juu ya udongo mti. Mwenye kibanja cha Bukoba atacheka kuona hilo likiitwa ugunduzi, maana mgomba ulio juu ya choo cha zamani ndio wenye mkungu mkubwa, na kila mtu anajua kwa nini ingawa hasemi mbele ya wageni.

Shule ndizo zinazonitia wasiwasi. Kwa mwongozo wetu tundu moja la choo ni kwa wasichana 20, au wavulana 25, na nyingi ya shule mnazozisimamia haziko karibu na hesabu hiyo. Choo cha mboji kina mambo mawili mazuri kwa shule: vyumba viwili vinaweza kupokezana bila kutafuta kiwanja kipya, na mkojo wa mamia ya watoto ni mbolea nyingi kwa bustani ya shule. Kina pia jambo moja baya ambalo wachoraji hawaliandiki. Watoto wanatupa kila kitu tunduni: mawe, daftari, chupa, na pedi kwa sababu msichana hana pengine pa kuitupa. Nilijenga vyoo hivyo kwenye shule moja ambayo sitaitaja. Mfadhili alipiga picha, mkuu wa shule aliyekuwa na moyo navyo akahamishwa, majivu yakaisha, na sasa chumba kimoja kinahifadhia majembe na kingine kimefungwa kwa mbao. Jengo halina ufa hata mmoja, linasubiri mtu. Na mtu huyo asiwe mwanafunzi aliyechelewa namba. Kumpa mtoto beleshi la kinyesi cha wenzake kama adhabu ni kumfundisha kukichukia choo maisha yake yote, na ni hatari kwa afya yake. Pipa la pedi lenye mfuniko na mtu wa kulichoma liwekwe kwenye mchoro tangu siku ya kwanza.

Mjini mtaniambia haiwezekani, watu wamebanana mno. Nawajibu kwamba ni mjini ndiko imewezekana kuliko kwingine, kwa sababu mjini watu wamezoea kulipia choo. Dar es Salaam tuna vyura, wale vijana wanaoingia shimoni usiku kwa ndoo, wamekunywa kitu kikali kwanza ili pua ife. Tuna kutapisha: mvua kubwa ikinyesha, mwenye nyumba anatoboa ukuta wa shimo na kuachia kila kitu kiende na mkondo, kwa jirani wa chini. Gari la kunyonya majitaka haliingii kwenye kichochoro cha Tandale, na likiingia bei yake inamshinda mpangaji. Nairobi, mitaa ya Mukuru, walilitazama tatizo hilohilo wakaachana na shimo. Tangu 2011 mradi wa Fresh Life unaweka vyoo vidogo vyenye mapipa yanayotolewa. Kila choo kina mwenyeji anayekisimamia, kukisafisha na kuweka maranda, mapipa yaliyofungwa hukusanywa kwa mikokoteni na magari, na mzigo hupelekwa nje ya mtaa ambako hugeuzwa mbolea au hulishwa funza wa nzi askari mweusi, na funza hao huishia kwenye chakula cha kuku. Naivasha, wenzao wa Sanivation hukausha kinyesi kwa joto na kukichanganya na takataka nyingine kuwa makaa. Angalieni pesa ya miradi hiyo inakoanzia: kwa mtu anayeondoa pipa. Mbolea ni faida ya pembeni. Halmashauri inayotarajia mauzo ya mboji yalipe kila kitu itafunga mradi kabla mboji ya kwanza haijakauka.

Kuna mahali pa kusema hapana pia. Kilimanjaro ni mahali hapo, angalau huko juu. Kambi ya Barafu iko zaidi ya mita 4,600, usiku maji yanaganda, na vijidudu vinavyotengeneza mboji havifanyi kazi kwenye baridi hiyo. Lundo linalala vilevile mwaka hadi mwaka. Kwa kambi za chini, kwenye msitu, sawa. Kule juu, kinachofaa ni kufunga na kuteremsha, na wapagazi wanaobeba vyoo vya wageni mgongoni walipwe kwa uzito huo kama wanavyolipwa kwa hema. Napita haraka kwa sababu mlima una wenyewe.

Ninachotaka mkisome mara mbili ni habari ya Durban. Baada ya kipindupindu cha mwaka 2000, manispaa ya mji huo, eThekwini, ilijenga vyoo vikavu vya kutenganisha mkojo kwa kaya za pembezoni, hatimaye zaidi ya 80,000. Hakuna mji wa Afrika uliofanya jambo kubwa kama hilo. Matofali yalikuwa mazuri, mchoro ulikuwa mzuri. Lakini mpango uliiachia kaya kazi ya kufungua chumba na kuzika kilichomo, na kaya nyingi hazikutaka. Watu walipoulizwa, wengi walisema hawaridhiki: walikiona choo hicho kuwa cha daraja la pili, wakati mwenzao wa mjini anavuta maji. Manispaa ikalazimika kuchukua yenyewe kazi ya kutoa mzigo. Huko China, mji wa Erdos, maghorofa ya nyumba zaidi ya 800 yalijengwa na vyoo vikavu, na baada ya miaka michache vikang'olewa vikawekwa vya maji. Seattle, Marekani, jengo la ofisi la ghorofa sita linaloitwa Bullitt Center lilifunguliwa mwaka 2013 likijisifu kwa vyoo vyake vya mboji. Nako, kwa pesa zao zote, uangalizi uliwashinda wakavitoa.

Baadhi yenu mtaitumia aya hiyo kuyatupa maombi yangu. Mkifanya hivyo, mtupe pia vyoo vya maji vya hospitali zenu vilivyofungwa kwa kukosa maji, na vya shimo vilivyojaa tangu awamu iliyopita. Choo chochote kisichohudumiwa kinakufa. Tofauti ni kwamba cha shimo hufa polepole na chini ya ardhi, aliyekijenga akiwa amekwisha kuhamishwa, na cha mboji hufa mbele ya macho ya watu, ndani ya miezi. Kwa mkaguzi, hiyo ni afadhali. Na kuhusu daraja la pili: Durban ilionyesha kwamba watu hawakubali choo ambacho kiongozi wao hana. Jengeni cha kwanza kwenye ofisi ya mkurugenzi, kile cha wakubwa chenye kufuli. Wageni wa Chumbe wanakalia choo hicho kwa dola, sidhani mtapungukiwa heshima.

Maombi yenyewe ni haya, na mengi hayahitaji fedha mpya. Mabwana afya wapewe maelekezo ya maandishi kwamba kwenye uwanda, lava na mabonde ya mafuriko, choo kilichojengwa juu ya ardhi na kisichovuja ni choo bora, na mwenye nacho asitozwe faini kwa kukosa shimo. Kwa shule na masoko, kasma ya ujenzi isiidhinishwe mpaka ikama ionyeshe mhudumu, pamoja na buti, glavu, dawa ya minyoo mara mbili kwa mwaka na mahali pa kuoga baada ya kazi. Vyura wa mjini waandikishwe kwanza kwenye nafasi hizo, maana kazi wanaijua kuliko sisi sote na wamekuwa wakiifanya gizani bila mkataba. Maranda yanayochomwa moto nyuma ya karakana za mbao na pumba zinazorundikana kwenye mashine za mpunga zipangiwe njia ya kufika shuleni, trekta la halmashauri linatosha. Na tarehe ya kufungwa kwa kila chumba iandikwe kwa rangi ukutani, kubwa, ili yeyote mwenye haraka ya bustani aisome kabla ya kushika nyundo.

Mwaka wa fedha unaanza Julai, lakini makadirio yanaanza kuandikwa miezi mingi kabla. Kikao cha kamati ya huduma za jamii kikifika kwenye ukurasa wa vyoo, tazameni mstari wa mishahara kabla ya mstari wa saruji. Ukiwa mtupu, rudisheni ukurasa kwa aliyeuandika. Mimi na mafundi wenzangu tuko tayari kuwaonyesha mabwana afya wenu jinsi ya kupima mteremko na kuchomeka nondo kwenye lundo, bila posho, ila nauli. Majibu yenu mkiyabandika kwenye ubao wa matangazo wa ofisi ya kata tutayasoma hapo.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Fundi mwashi wa mwambao